Nafuu iliyoficha kosa: kodi ya jengo la duka moja la vitambaa

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa pesa unayompa mwenye nyumba na pesa unayoipa serikali. Kuna wanaoona huo ni upungufu wa lugha. Ukiitazama kodi ya majengo ya biashara ya England, utaona neno letu limepatia. Kodi ile ya serikali huanza na swali la mpangaji: jengo hili, likipangishwa sokoni siku fulani, lingeleta kiasi gani kwa mwaka? Jibu la swali hilo ndilo thamani ya kukodisha, na kila kitu kingine hujengwa juu yake. Ile ya mwenye nyumba nitaiita pango, ili tusichanganyikiwe.

Kisa ninachokieleza ni cha mama mmoja mwenye duka la vitambaa katika mji wa kawaida wa England. Mbele anauza, nyuma ana cherehani mbili. Mimi humwekea vitabu vya hesabu. Jina lake, mji wake na wengine wote waliohusika nimewaacha nje.

Aprili 2025 alinitumia picha ya bili ya halmashauri. Mwaka uliotangulia alikuwa amelipa pauni 1,964.81. Safari hii iliandikwa 4,715.55. "Kaka, wamenipandishia mara mbili na zaidi, na mimi sijaongeza hata rafu," aliandika. Alitaka nimwandikie barua ya kulalamika.

Jambo la kwanza nililomweleza ni kwamba hakuna aliyempandishia. Thamani ya duka lake kwenye daftari la uthamini, yaani orodha ya serikali ya thamani za majengo ya biashara, ilikuwa pauni 15,750 tangu Aprili 2023, na haikuwa imesogea. Kizidisho kinachotumika kwa majengo yenye thamani chini ya pauni 51,000 kilikuwa peni 49.9 kwa kila pauni miaka yote mitatu. Zidisha: 15,750 mara 0.499 ni pauni 7,859.25. Hiyo ndiyo kodi yenyewe, kabla ya huruma yoyote. Kilichokuwa kimebadilika ni huruma. Maduka, mikahawa na kumbi za burudani yalikuwa na nafuu maalumu ya asilimia 75 katika mwaka wa 2023/24 na ule wa 2024/25. Kuanzia Aprili 2025 ikashuka hadi asilimia 40. Robo ya 7,859.25 ni 1,964.81, asilimia sitini yake ni 4,715.55. Hesabu ilikuwa sawa hadi peni ya mwisho.

Barua ya kulalamika kwa halmashauri, kwa hiyo, isingefika popote. Halmashauri hutuma bili na kupokea pesa, na ndiyo inayotoa nafuu. Thamani haiwahusu: hupangwa na ofisi nyingine kabisa, ya serikali kuu, yenye wathamini wake. Kizidisho nacho hutoka serikalini. Watu wengi hupoteza miezi wakibishana na dirisha lisilo lao.

Swali lililonisumbua mimi lilikuwa jingine. Huyu mama ana duka lenye upana wa mita tano. Je, kweli lingepangishwa kwa 15,750? Yeye mwenyewe analipa pango la 11,500. Kwa miaka miwili hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo, kwa sababu bili ilikuwa inavumilika. Nafuu ya asilimia 75 ilikuwa imelala juu ya thamani kama blanketi, na chini yake kosa likalala pia.

Daftari la uthamini liko wazi mtandaoni. Ukiandika anwani unapata ukurasa wenye mita za mraba za kila sehemu ya jengo na bei iliyowekwa kwa kila mita. Duka huthaminiwa kwa kanda. Wathamini wanaamini, na soko linawaunga mkono, kwamba sehemu ya mbele karibu na dirisha ndiyo yenye pesa. Basi mita 6.1 za kwanza kutoka mbele huitwa kanda A na huhesabiwa kamili. Mita 6.1 zinazofuata, kanda B, huhesabiwa nusu. Baada ya hapo kanda C, robo. Kipimo cha mita 6.1 kinaonekana cha ajabu mpaka ukumbuke kwamba ni futi 20 za zamani.

Ukurasa wa duka lake ulisema hivi. Kanda A: mita tano kwa 6.1, yaani mita za mraba 30.5. Kanda B: 30.5 nyingine, zinazohesabiwa 15.25. Kanda C: mita nne za kina, mita za mraba 20, zinazohesabiwa 5. Jumla 50.75. Bei ya kanda A pauni 300 kwa mita, inaleta 15,225. Kisha ghala la ghorofa ya kwanza, mita 25 kwa pauni 30, ni 750. Jumla 15,975, na kwa desturi ya kupunguza hadi 250 iliyo chini yake, 15,750.

Nikampigia simu. Nilimuuliza anahifadhi nini ghorofani.

"Ghorofani? Ghorofani wanakaa watu, wapangaji wa mwenye nyumba. Mimi sina hata ufunguo."

Kesi nzima ilifunguka hapo. Kabla mama hajaingia, mwenye nyumba alikuwa amegeuza lile ghala kuwa makazi. Ili wapangaji wapate mlango wao, alijenga ngazi na ujia mwembamba uliomega mita 1.1 ya upana wa duka kuanzia katikati kwenda nyuma. Hakuna aliyeijulisha ofisi ya uthamini. Ghorofa ile ilikuwa inalipiwa kodi ya makazi na wanaokaa humo, na wakati huohuo inalipiwa kodi ya biashara na mama ambaye hajawahi kuipanda. Na yeye, kwa kuwa alilikuta duka likiwa na umbo lile, hakujua kwamba lilikuwa na umbo jingine kwenye karatasi.

Tulikwenda na tepu. Nasisitiza tepu, kwa sababu watu hupenda kuanza na hoja za soko na hali ngumu ya biashara, wakati ukuta haubishaniwi. Kuanzia mita 6.1 kwenda nyuma, upana ulikuwa 3.9 badala ya 5. Kanda B ikawa mita 23.79, nusu yake 11.895. Kanda C ikawa 15.6, robo yake 3.9. Jumla mpya 46.295 badala ya 50.75. Mara 300 ni 13,888.50. Ghorofa inatoka. Thamani 13,750.

Utaratibu wa kupinga, tangu 2017, una ngazi tatu, na huruki ngazi. Kwanza uhakiki: unafungua akaunti, unathibitisha kwamba jengo ni lako au umelipanga (bili au mkataba unatosha), kisha unasahihisha vipimo na matumizi. Ofisi ina hadi miezi 12 kujibu. Pili pingamizi: ndani ya miezi minne tangu uhakiki kuisha, unasema thamani unayodai na ushahidi wake. Hapo ofisi ina hadi miezi 18. Tatu rufaa, kwenye baraza huru la uthamini, nayo ina miezi minne ya kuifungua. Wakati wote huo unaendelea kulipa bili ya zamani. Ukiacha kulipa kwa sababu "kesi iko juu", utapelekwa mahakamani kwa deni, hata kama baadaye utashinda. Tulichoomba halmashauri ni malipo yagawanywe kwa miezi 12 badala ya 10 ya kawaida. Hiyo ni haki yako ukiiomba.

Uhakiki tuliutuma Mei tukiwa na mchoro, picha na mkataba wa pango uliotaja wazi kwamba ghorofa haimo. Julai jibu likaja: vipimo vimekubaliwa, thamani 13,750, kuanzia tarehe 1 Aprili 2023, kwa sababu kosa lilikuwemo tangu daftari lilipoanza.

Sasa tazama kilichotokea kwenye bili, maana ndicho ninachotaka msomaji akishike. Thamani ilishuka kwa pauni 2,000 tu, kama asilimia 13. Bili ya 2025/26 ilishuka kutoka 4,715.55 hadi 2,401.44. Karibu nusu.

Sababu ni nafuu ya biashara ndogo. Thamani ikiwa pauni 12,000 au chini, na jengo likiwa ndilo pekee unalotumia, hulipi kitu. Kati ya 12,001 na 15,000 nafuu inapungua hatua kwa hatua hadi sifuri. Kwenye 13,750 umebakisha 1,250 kufika 15,000, na 1,250 kwa 3,000 ni asilimia 41.67. Kodi kamili ya 6,861.25 inakuwa 4,002.40, kisha ile asilimia 40 ya maduka inakatwa juu ya kilichobaki. Kwenye 15,750 mama alikuwa nje ya mlango wa nafuu hii kabisa, na hakuwahi kujua kwamba mlango upo hatua chache kutoka aliposimama.

Ukifanya hesabu ndani ya ngazi hiyo ya 12,000 hadi 15,000 utaona jambo la kushangaza. Kwa viwango vya mwaka ule, jengo lenye thamani ya juu ya 15,000 lakini chini ya 51,000, kila pauni moja ya thamani inakugharimu peni 49.9. Ndani ya ngazi, inakugharimu kodi yenyewe pamoja na nafuu unayoipoteza. Kutoka 13,750 kwenda 14,000, pauni 250 za thamani, kodi kabla ya ile nafuu ya maduka inapanda kwa karibu 655. Pauni moja ya thamani, zaidi ya pauni mbili na nusu ya kodi. Sijui mahali pengine katika mfumo huu ambapo sentimita chache za ukuta zina thamani hivyo. Mwenye duka la thamani ya 40,000 akipunguziwa 500 hatahisi. Mwenye duka la 14,000 atalala vizuri.

Ndiyo maana hatukuishia kwenye uhakiki. Mama aliona 2,401.44 akashukuru Mungu, na kwa upande wake kesi ilikwisha. Mimi niliona kwamba tuko katikati ya ngazi na kwamba bei ya pauni 300 kwa mita haijaguswa.

Pingamizi la Septemba lilikuwa juu ya bei hiyo. Hapa ardhi inakuwa tope. Daftari la 2023 linauliza pango la soko la tarehe 1 Aprili 2021, si la leo. Mkataba wa mama ni wa Oktoba 2021, miezi sita baadaye, karibu vya kutosha. Pango lake la 11,500 ukiligawa kwa mita 46.295 unapata kama pauni 248. Ingekubaliwa hiyo, thamani ingekuwa 11,250 na bili sifuri. Nilikuwa nimeshaanza kujipongeza.

Mthamini aliyeshika faili alikuwa mtu mtulivu na mwenye adabu, na alinivua hoja moja baada ya nyingine. Nilisema mama alipewa miezi mitatu bila kulipa pango mwanzoni, kwa hiyo pango halisi ni dogo zaidi ya 11,500. Alijibu kwamba miezi mitatu ya kwanza sokoni huhesabiwa kuwa muda wa kutengeneza duka, na haipunguzi kitu. Ni kweli, na ningepaswa kuijua. Nilisema mwenye nyumba ndiye anayetengeneza paa na kuta za nje na kulipa bima, ilhali thamani ya kisheria hudhani mpangaji anabeba hayo yote, kwa hiyo 11,500 ni kubwa kupita kiasi. Hiyo aliipokea. Kisha akaweka mezani kitu ambacho hakikuwa upande wetu: pango moja peke yake si soko. Maduka mengine ya safu ile yote yamewekwa kwa 300, na wenyewe hawajapinga.

Kilichotuokoa ni duka la tatu kutoka kwetu, lililopangishwa mwanzoni mwa 2021 kwa pango lililo chini ya 300 kwa mita, na ukweli kwamba mama yuko mwisho wa safu, mbali na kituo cha basi. Safu ikianza na wapita njia wengi na kuishia na wachache, bei moja kwa maduka yote haikai sawa. Tulihesabu wapita njia Jumamosi mbili, mimi na kijana wake, tukiwa na daftari la shule. Sina hakika hesabu ile ilikuwa na uzito gani, ila ilikuwa kwenye faili, na haikupingwa.

Februari tulikubaliana 275. Mara 46.295 ni 12,731, ikapunguzwa kuwa 12,500. Nafuu ya biashara ndogo sasa ni asilimia 83.33. Kodi kamili 6,237.50 inabaki 1,039.58, na baada ya ile ya maduka, 623.75 kwa 2025/26. Kwa kila mwaka wa miwili iliyotangulia, 259.90.

Kwa miaka mitatu ya daftari alikuwa ametakiwa kulipa 8,645.17, na alichostahili kulipa ni 1,143.55. Tofauti ni 7,501.62. Tepu ilileta 4,242.53 ya hiyo, kwa miezi miwili. Mabishano ya soko yakaleta 3,259.09, kwa miezi mitano na nywele zangu kadhaa.

Je, tulipaswa kwenda kwenye baraza? Kwa bei ya 264 thamani ingekuwa 12,222, ikapunguzwa hadi 12,000, na bili ingefutika. Tulikuwa pauni 11 kwa mita mbali na sifuri. Ada ya rufaa kwa biashara ndogo ni pauni 150, na inarudishwa ukishinda. Lakini kilichobaki cha kushindania kilikuwa 1,143.55 kwa miaka yote mitatu, ushahidi wetu bora ulikuwa umeshatumika, na mama alikuwa amechoka kutafutiwa karatasi. Nilimshauri tuache. Rafiki yangu mmoja wa kazi hii anasema nilikosea.

Neno kuhusu mawakala. Katikati ya haya yote mama alipigiwa simu na watu wawili tofauti, kila mmoja akiahidi kumrudishia kodi kwa malipo ya sehemu ya kitakachopatikana, mmoja akidai mkataba wa miaka kadhaa unaompa haki ya kukata sehemu yake hata kwenye nafuu ambazo halmashauri hutoa kwa fomu ya kurasa mbili. Wapo mawakala wazuri, na kwa jengo kubwa lenye mashine au kanda ngumu ningemtafuta mmoja mimi mwenyewe. Kwa duka la mita tano, ufunguzi wa akaunti ni bure, uhakiki ni bure, pingamizi ni bure.

Kulikuwa na mtego mmoja ambao nusura tuuingie bila kuuona. Desemba, pesa zikiwa zimeanza kurudi, mama alipata stoo uani kwa mtu, pango lake rahisi, thamani yake kwenye daftari 3,400. Alitaka kusaini wiki ileile. Stoo yenyewe ingeleta kodi ya 1,696.60, kwa kuwa si mahali pa kuuzia wateja. Hilo alikuwa tayari. Ambalo hakulijua ni kwamba ukiwa na jengo la pili, nafuu ya biashara ndogo kwenye duka kuu inabaki tu kama hakuna jengo jingine lenye thamani ya zaidi ya 2,899 na jumla ya yote iko chini ya 20,000 (28,000 kwa London). Stoo ya 3,400 inavuka. Baada ya kipindi cha huruma kwisha, yaani muda unaoachiwa kubaki na nafuu hiyo, duka lingerudi kwenye 6,237.50 kabla ya nafuu ya maduka. Kwa viwango vya mwaka ule ni 3,742.50 badala ya 623.75. Stoo ya bei rahisi ingemgharimu pauni 3,118.75 kwa mwaka katika bili ya jengo jingine. Hakusaini. Vitambaa vingine viko kwake sebuleni, na mumewe anapita kwa ubavu.

Tarehe 1 Aprili 2026 daftari jipya linaanza, likiangalia pango la soko la 1 Aprili 2024, na nafuu ya asilimia kwa maduka inaondoka. Nafasi yake inachukuliwa na kizidisho cha chini, peni 38.2 kwa maduka madogo. Blanketi limetolewa, thamani iko wazi. Vipimo vyake katika daftari hilo nimevikagua, ujia umo, ghorofa haimo.

Mkataba wake wa miaka mitano unaisha Oktoba 2026, na mwenye nyumba ameshadokeza 13,000. Daftari litakalofuata ni la 2029, na desturi ya kurudi nyuma miaka miwili ikishikwa, litauliza pango la Aprili 2027. Pango atakalosaini mama Oktoba litakuwa na umri wa miezi sita siku hiyo. Nimemwambia asimwambie mwenye nyumba sawa mpaka tukae tena, na aje na tepu.